Hospitali Inapokuwa Jukwaa la Kampeni

Mwezi Mei 2010, serikali mpya ya Uingereza ikiwa na siku chache tu madarakani, Waziri wa Afya Andrew Lansley alikwenda hospitali ya Chase Farm, huko Enfield kaskazini mwa London, akatangaza kwamba mpango wa kupunguza huduma pale unasimamishwa. Wakazi walishangilia. Walikuwa wamepigania idara yao ya dharura na wodi yao ya wazazi kwa miaka, na katika uchaguzi wa 2006 walifikia hatua ya kuwapeleka kwenye baraza la mji madiwani wawili waliogombea chini ya bendera ya Save Chase Farm. Septemba 2011 waziri yuleyule akaidhinisha mpango uleule. Desemba 2013 idara ya dharura ikafungwa.

Nimeirudia historia hii mara nyingi, na kinachoniuma zaidi si kule kufungwa. Kuna hoja za kitabibu za kuunganisha huduma, nazo nitazieleza hapa chini, na baadhi yake nazikubali kwa moyo wote. Kinachoniuma ni jinsi jambo la uhai wa watu lilivyorushwa huku na huko na vyama viwili vikubwa, kila kimoja kikigeuka kulingana na kiti kilichokalia bungeni.

Tazama mfuatano wake. Mpango ulizaliwa wakati Labour ikitawala. Mwaka 2007, David Cameron wa Conservative, akiwa kiongozi wa upinzani, alitangaza kwamba chama chake kitapigana kufa na kupona kuzilinda hospitali za wilaya. Mwaka 2008 jopo huru linaloishauri serikali kuhusu mabadiliko ya hospitali liliupitia mpango wa Enfield na kuuunga mkono, na Waziri wa Afya wa Labour, Alan Johnson, akakubali. Ukaja uchaguzi wa 2010. Mgombea wa Conservative katika jimbo la Enfield North, Nick de Bois, alishinda kwa tofauti ya kura 1,692, na hati ya makubaliano ya serikali mpya ya mseto, iliyoongozwa na Conservative, ikaahidi kwamba idara za dharura na wodi za wazazi hazitafungwa tena kwa amri kutoka juu. Lansley akaweka masharti manne ambayo kila mpango ungepaswa kuyatimiza: madaktari wa eneo waunge mkono, wananchi washirikishwe, ushahidi wa kitabibu uwe wazi, na uhuru wa mgonjwa kuchagua uzingatiwe. Jopo likatumwa tena Enfield, likarudi na ushauri ule wa mwanzo. Kufikia wakati idara inafungwa, waliokuwa wakipaza sauti dhidi ya kufungwa ni Labour, chama kilichokuwa madarakani mpango ulipoandikwa, na mwaka 2015 Joan Ryan wa Labour alilirudisha jimbo lile mikononi mwa chama chake kwa kura 1,086 za ziada.

Kwa hiyo ndani ya miaka isiyozidi kumi, katika jimbo moja na kuhusu hospitali moja, vyama vyote viwili vilisimama pande zote mbili. Ukiwa serikalini unafunga, ukiwa nje unatetea. Mgonjwa hakubadilika, barabara hazikubadilika, idadi ya madaktari haikubadilika kiasi cha kuelezea mageuzi hayo. Kilichobadilika ni nani anashika wizara.

Sababu ya siasa kuingia mahali hapa inaeleweka. Bajeti ya afya ni namba zisizoonekana, lakini hospitali ina geti, ina jina, na karibu kila familia ina mtu aliyezaliwa au kufia ndani yake. Mbunge anayetetea hospitali anasimama na wapiga kura wake wote, wa chama chake na wa chama pinzani. Shinikizo hilo ni kubwa kiasi kwamba linawapindua hata walioko juu serikalini. Desemba 2006 Hazel Blears, mwenyekiti wa Labour na mjumbe wa Baraza la Mawaziri, alijiunga na waandamanaji mjini Salford, katika jimbo lake mwenyewe, kupinga kufungwa kwa wodi ya wazazi chini ya mabadiliko yaliyokuwa yakitekelezwa na serikali yake. Kitaifa alikuwa sehemu ya sera. Nyumbani alikuwa sehemu ya maandamano. Sidhani alikuwa mnafiki. Nadhani aliwasikia watu wake. Lakini mama mjamzito wa Salford alipaswa kuamini lipi kati ya hayo mawili?

Mfano uliowatia hofu wanasiasa wote wa Uingereza ni Kidderminster. Idara ya dharura ya hospitali ya mji huo ilifungwa mwaka 2000, huduma zikahamishiwa hasa Worcester, umbali wa takriban kilomita 25. Mwaka uliofuata daktari bingwa mstaafu wa hospitali hiyo, Richard Taylor, aligombea ubunge wa Wyre Forest akiwa mgombea huru mwenye ajenda moja. Alipata kura 28,487 na kumbwaga mbunge wa Labour, David Lock, aliyekuwa naibu waziri, kwa tofauti ya kura 17,630. Akachaguliwa tena 2005. Tangu siku ile, kila mtaalamu wa kampeni nchini humo anajua kwamba hospitali inaweza kuangusha kiti kilichodhaniwa salama.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni hili: Kidderminster haikuirudisha idara yake kamili ya dharura. Taylor alikaa bungeni miaka tisa, akaheshimiwa, akafanya kazi nzuri katika kamati ya afya, na hospitali ikapata kituo kipya cha matibabu na kitengo cha majeraha madogo. Lakini zile huduma za usiku kucha zilizowafanya watu wapige kura kwa hasira, kura hazikuzirudisha.

Kwa nini? Jibu liko kwenye orodha ya zamu, na ningependa kila mpiga kura aielewe orodha hiyo kabla ya kumsikiliza mgombea yeyote. Wiki ina saa 168. Daktari mmoja akifanya kazi saa 48, ambao ndio ukomo uliowekwa na kanuni za Ulaya na kuanza kutumika kikamilifu kwa madaktari wa ngazi za chini wa Uingereza mwaka 2009, basi kuweka daktari mmoja tu macho, mchana na usiku, kunahitaji watu watatu na nusu. Hao ni kabla ya likizo, kabla ya ugonjwa, kabla ya mafunzo, kabla ya muda wa kukabidhiana wagonjwa. Ukiyaongeza hayo unafika watu wengi zaidi kwa nafasi moja. Kisha idara ya dharura haiendeshwi na nafasi moja. Inahitaji daktari wa usingizi anayeweza kumwekea mgonjwa mashine ya kupumua, daktari wa upasuaji, wa watoto, mtu wa kusoma picha, maabara iliyo wazi, na damu kwenye jokofu. Kila mmoja wa hao ana orodha yake ya zamu, na kila orodha ina matundu yake.

Mwanasiasa akisema "hospitali hii haitafungwa," anazungumzia jengo. Jengo halimtibu mtu saa tisa usiku.

Hili nalifahamu kwa njia ambayo sikuitaka. Mama yangu alipopata kiharusi tulimkimbiza hospitali iliyokuwa karibu zaidi, kwa sababu ndivyo kila mtu anavyofanya. Taa zilikuwa zinawaka, mapokezi yalikuwa wazi, muuguzi alikuwa mwema na mwepesi. Mashine ya kupiga picha ya kichwa ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuisoma ile picha na kuamua kama ni damu iliyoganda au mshipa uliopasuka, na bila uamuzi huo hakuna anayethubutu kutoa dawa ya kuyeyusha damu, kwa kuwa kwa mgonjwa wa aina ya pili dawa hiyo inaua. Muuguzi alipiga simu, akasubiri, akapiga tena. Nilikuwa nimeushika mkono wa mama wa upande uliokuwa bado una nguvu, na macho yangu hayakutoka kwenye ile simu. Tungekuwa tumepita hapo na kwenda mbali zaidi, tungefika kwa watu waliokuwa tayari. Mama aliishi, lakini mkono wa kulia haukurudi.

Ndiyo maana habari ya kiharusi jijini London nimeishika sana. Mwaka 2007 Profesa Ara Darzi, daktari wa upasuaji, alitoa ripoti kuhusu huduma za afya za jiji hilo, na kiharusi kikawa moja ya maeneo ya kwanza kubadilishwa. Hospitali zipatazo 30 zilikuwa zikipokea wagonjwa wa kiharusi. Kufikia 2010 wagonjwa wote wapya walikuwa wakipelekwa kwenye vitengo maalumu vinane tu, vilivyopangwa ili gari la wagonjwa lifike kimoja wapo ndani ya nusu saa. Watafiti waliochapisha matokeo yao katika jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2014 walikadiria kwamba mpango huo unaokoa maisha ya watu wapatao 96 kila mwaka, zaidi ya maendeleo yaliyotokea kwingineko nchini. Na hapa kuna jambo la kuzingatia sana: Manchester nayo ilibadilisha huduma zake wakati huohuo, lakini mpango ukalegezwa baada ya baadhi ya hospitali kupinga kupoteza wagonjwa wao, na wagonjwa wengi wakaendelea kupelekwa kulekule kwa zamani. Utafiti uleule haukuona vifo vikipungua kule kwa kiasi kinachozidi maeneo mengine. Manchester ilikuja kuhamisha wagonjwa wote mwaka 2015.

Kwa hiyo kuna miji ambayo kufunga mlango wa karibu kuliokoa watu. Naliandika hili nikijua kwamba litawakera marafiki zangu wanaoandamana.

Lakini wanaoandamana nao hawakosi hoja, na wakubwa wanakosea sana wanapowaona kama watu wenye mapenzi tu na matofali. Kiharusi ni ugonjwa ambao utaalamu wa masaa ya kwanza unashinda umbali wa dakika chache. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, mtoto mwenye pumu iliyobana, mzee aliyeanguka na hana gari wala mtu wa kumsindikiza, hesabu zao ni nyingine. Ukiwaambia watu kwamba huduma za karibu na nyumbani zitaimarishwa kwanza, kisha ukafunga idara kabla hujaziimarisha, umewadanganya hata kama mchoro wako ulikuwa mzuri.

Na wakati mwingine sababu ya kweli haihusiani na tiba hata kidogo. Hospitali ya Lewisham, kusini mashariki mwa London, haikuwa na matatizo makubwa ya fedha wala ya huduma. Jirani yake, taasisi ya South London Healthcare, ilikuwa imezama kwenye madeni, yakiwemo ya majengo yaliyojengwa kwa mikataba ghali na makampuni binafsi, ikawekwa chini ya msimamizi maalumu mwaka 2012. Msimamizi huyo, katika kutafuta suluhisho la madeni ya jirani, akapendekeza huduma za dharura na uzazi za Lewisham zipunguzwe. Maelfu kwa maelfu waliandamana Januari 2013. Waziri wa Afya Jeremy Hunt aliidhinisha hata hivyo. Wakazi na halmashauri yao wakaenda mahakamani, na tarehe 31 Julai 2013 Mahakama Kuu ikasema waziri alivuka mamlaka yake. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao. Serikali ikajibu kwa kubadilisha sheria mwaka 2014 ili msimamizi wa siku zijazo awe na mamlaka mapana zaidi. Hospitali ya Lewisham bado inapokea wagonjwa wa dharura hadi leo. Hao walioandamana walikuwa sahihi, na wataalamu wa wizara walikuwa wamekosea.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila mabadiliko ni mema, wala kwamba kila upinzani ni wa haki. Ninachodai ni kwamba chama kinachobadili msimamo kieleze kimejifunza nini. Kubadili msimamo kwa sababu ya ushahidi mpya ni uungwana. Kubadili kwa sababu kampeni imeanza, kisha kubadili tena kwa sababu kampeni imekwisha, ni kumtumia mgonjwa kama ngazi.

Roscommon, nchini Ireland, ndiko nilikoona jambo hili likiwa wazi kuliko kwingine. Kabla ya uchaguzi wa Februari 2011, Fine Gael, kikiwa chama cha upinzani, kiliwahakikishia watu wa huko kwamba huduma za hospitali yao ya kaunti zitalindwa. Ilikuwepo barua ya msemaji wa afya wa chama, James Reilly, na yalikuwepo maneno ya kiongozi wa chama, Enda Kenny, aliyoyasema kwenye kampeni mjini humo. Chama kilishinda, Kenny akawa waziri mkuu, Reilly akawa Waziri wa Afya. Mwezi Aprili mamlaka ya ubora wa huduma za afya, HIQA, ilitoa ripoti kali kuhusu hospitali nyingine ndogo, ya Mallow, yenye mapendekezo yaliyozigusa hospitali zote za aina hiyo. Julai ikafika na upungufu wa madaktari wa ngazi za chini nchini kote. Tarehe 11 Julai 2011, miezi isiyotimia mitano tangu kura zipigwe, idara ya dharura ya Roscommon ilifungwa. Mgonjwa mahututi sasa angepelekwa Ballinasloe au Galway, na Galway ni takriban kilomita 80.

Mbunge wa Fine Gael wa eneo hilo, Denis Naughten, alipiga kura kinyume na serikali yake na kuondolewa kwenye kundi la wabunge wa chama. Mwenzake, Frank Feighan, alibaki na chama, na baadaye akaamua kutogombea kiti hicho mwaka 2016. Katika uchaguzi huo jimbo la Roscommon–Galway halikuchagua mbunge hata mmoja wa Fine Gael. Naughten alirudi akiwa mgombea huru.

Jambo linalonisumbua ni kwamba hoja za usalama zilizotumika Julai hazikuzaliwa Julai. Ugumu wa kupata madaktari wa hospitali ndogo ulijulikana Februari. Yeyote aliyetaka kuuliza idadi ya madaktari kabla ya kuandika ile barua angeweza kuuliza. Watu wa Roscommon wangeambiwa ukweli kwenye kampeni wangekasirika, ndiyo. Lakini wangeanza mapema kudai walichokuja kukihitaji, kwa mfano helikopta ya wagonjwa iliyoanza kazi kutoka Athlone mwaka 2012, karibu mwaka mzima baada ya mlango kufungwa.

Wapo waliotimiza. Uskoti, mwaka 2007, chama cha wazalendo wa Uskoti, SNP, kiliingia kwenye uchaguzi kikiahidi kufuta uamuzi wa kufunga idara za dharura za Monklands na Ayr, uamuzi uliokuwa umeidhinishwa chini ya serikali iliyoongozwa na Labour. Kiliposhinda kwa kiti kimoja tu cha ziada, Waziri wa Afya Nicola Sturgeon aliufuta ndani ya majuma machache, akazitaka bodi za afya zirudi na mipango mipya itakayochunguzwa na wataalamu huru. Idara zote mbili zipo mpaka sasa. Unaweza kubishana kama ule ulikuwa uamuzi bora wa kitabibu. Lakini mpiga kura aliahidiwa kitu, akakipata, na msimamo wa chama kabla ya kura ndio ukawa msimamo wake baada ya kura.

Nirudi kwenye ile miaka ya kusubiri, maana ndiyo inayosahaulika. Hospitali inapotangazwa kufungwa, kisha kuokolewa, kisha kuchunguzwa upya, wafanyakazi wake hawasubiri wanasiasa wamalize. Daktari kijana anayetafuta nafasi ya mafunzo haombi mahali ambapo idara inaweza kutoweka kabla hajahitimu. Mkunga mwenye watoto shuleni hawezi kupanga maisha yake kwa tetesi. Nafasi zinabaki wazi, zinajazwa na madaktari wa muda wanaolipwa ghali na wasiojua hata dawa zinawekwa kabati gani, na baada ya muda idara inakuwa kweli haiko salama. Hapo ndipo anatokea kiongozi na kusema inafungwa kwa sababu za usalama, na anasema kweli. Tatizo ni kwamba miaka ya kuyumba ndiyo iliyouchimba huo usalama.

Na upande wa pili, hospitali inayotarajiwa kupokea wagonjwa wa ziada nayo inaningʼinia. Idara ya dharura ya North Middlesex ilikuwa moja ya zile zilizopanuliwa ili kuchukua mzigo wa Chase Farm. Mwaka 2016, wakaguzi wa huduma za afya wa Uingereza waliikuta katika hali mbaya kiasi cha kuitolea onyo rasmi, na uhaba wa madaktari wenye uzoefu ukiwa miongoni mwa sababu kuu. Majengo yalikuwa yamepanuliwa. Watu wa kusimama ndani yake ndio waliokuwa hawatoshi.

Mgombea akinijia mlangoni na karatasi yenye picha ya hospitali, nitamwomba aniandikie majibu nyuma ya karatasi hiyohiyo. Nafasi ngapi za madaktari bingwa katika idara ya dharura ziko wazi leo? Zitajazwa na nani, kwa fedha kutoka fungu lipi? Kama zisipojazwa ndani ya mwaka mmoja, idara ibaki wazi usiku au isibaki? Gari la wagonjwa linachukua dakika ngapi sasa kufika kwenye hospitali inayofuata, usiku na wakati wa msongamano, na magari mangapi yataongezwa kabla ya mlango kufungwa? Chama chake kilikuwa na msimamo gani kilipokuwa upande mwingine wa bunge, na ni ushahidi gani umekigeuza? Kisha atie sahihi na tarehe.